Simu ya Mwalimu Ina Sikio

Hotuba kwa walimu wa darasa la awali, la kwanza na la pili, kwenye kikao cha mafunzo kazini mkoani Tanga. Imeandikwa kutoka kwenye rekodi. Vicheko na makelele ya viti yameachwa.

Ndugu Mwenyekiti, Afisa Elimu Kata wetu, walimu wakuu mliokubali kutuachia siku nzima, wazee wa kamati za shule, na ninyi walimu wenzangu wa chaki: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine hamjambo.

Nimeambiwa nizungumzie teknolojia darasani, na nimepewa nusu saa. Aliyenipangia mada nadhani alitegemea nije na projekta. Sikuja nayo. Nimekuja na simu hii, imepasuka kioo hapa kwenye kona tangu mwanangu aidondoshe kisimani, na kwa hii hii tutazungumza.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua spika ndogo, ile ya duara inayoungana na simu bila waya. Nilikuwa na darasa la kwanza, watoto 86, na sauti yangu ilikuwa imekwisha tangu mwezi wa tatu. Nikawa napakua hadithi zilizosomwa na watu wenye sauti nzuri, nawawekea. Jamani, darasa lilitulia! Watoto wametega masikio, midomo wazi, hata yule wa dirishani aliyezoea kuhesabu pikipiki za barabarani alikuwa amegeuka. Siku hizo akapita mthibiti ubora wa shule, akasimama mlangoni, akaandika kwenye fomu yake kwamba mwalimu anatumia TEHAMA ipasavyo. Nikavimba kichwa.

Mwezi wa kumi na moja nikawapima kusoma, mmoja mmoja. Hadithi za sungura walikuwa wanazijua neno kwa neno. Kusoma, hapana. Mtoto unamwekea sentensi "Baba analima shamba", anatazama picha, anarudi kunitazama mimi usoni, anasubiri nimtajie mwanzo ili amalizie.

Nilichokuwa nimefanya ni kuongeza mdomo kwenye darasa ambalo midomo ilikuwa imejaa. Mwalimu anasema, ubao unasema, sasa na spika inasema. Wa kuwasikiliza wale watoto hakuwepo.

Na tusidanganyane kuhusu kusikiliza. Kipindi chetu ni dakika 30. Ukiwa na watoto 86 na kila mmoja asome dakika moja tu, hujafika hata nusu ya darasa na kengele imelia, na hapo hujafundisha kitu. Ndiyo maana tunafanya tunachofanya wote humu, msione aibu: "Haya, someni wote!" Darasa zima linaitikia ma, me, mi, mo, mu, hadi wanaopita barabarani wanasema shule ile watoto wanasoma. Kwaya ni tamu. Lakini ndani ya kwaya yuko anayesoma, yuko anayefuatisha nusu sekunde nyuma ya mwenzake, na yuko anayechezesha midomo tu. Ukiwa umesimama mbele huwezi kuwatenganisha.

Sasa simu. Karibu kila simu humu ndani, hata ya bei ndogo, ina kinasa sauti. Hakihitaji bando. Hakihitaji mnara. Sauti ya dakika moja ni nyepesi mno, hailingani na zile video mnazotumiana za harusi. Nilichofanya mwaka uliofuata ni hiki: wakati wa uji, saa nne, nilikuwa naweka simu juu ya tofali chini ya mwembe, na kiti kimoja cha plastiki. Msichana wa darasa la sita, hodari, anakaa pale na kitabu. Watoto watano wanakuja kwa zamu. Anabonyeza, anamwambia mtoto ataje jina lake, mtoto anasoma ukurasa, halafu dada anamuuliza swali moja tu: "Imetokea nini hapo?" Anabonyeza tena, basi, mtoto anakwenda kunywa uji. Watano kwa siku, darasa zima linaisha kwa siku 18 za shule. Jioni, wakati nachambua mchele, nasikiliza. Dakika saba, nane. Kalamu na daftari pembeni.

Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu, niwaambie ukweli. Rekodi mbili zina jogoo tu. Moja, mtoto yuko katikati ya sentensi simu ikaita, mwekahazina wa kikoba chetu ananidai hisa, na dada wa darasa la sita kwa adabu zake akapokea na kumwambia mwalimu yuko darasani. Tangu siku hiyo nikajifunza kuweka simu kwenye hali ya ndege kabla ya kuikabidhi.

Lakini ngoja niwaeleze rekodi moja. Yule mtoto nitamwita Mwanaidi, si jina lake. Mwanaidi alikuwa nyota wa kwaya, sauti ya kengele, kila mgeni akija ndiye ninayemsimamisha. Kwenye rekodi anasoma: "Kuku wa bibi ametaga mayai. Mayai ni matano. Bibi amefurahi. Bibi anakwenda sokoni." Safi, bila kukwama, hata na mkato wa sauti pale penye nukta. Nikaweka tiki. Halafu nikasimama na ungo mkononi. Sentensi ya sokoni iko ukurasa wa pili. Nikarudisha rekodi, nikaweka simu sikioni. Hakuna mlio wa karatasi kugeuzwa. Mtoto amesoma ukurasa ambao hajaufungua.

Kesho yake nikaandika ubaoni maneno yale yale, nikayapanga upya: "Mayai ya kuku wa bibi ni matano." Mwanaidi akasimama, akatabasamu, akaanza: "Kuku wa bibi ametaga..." Kumbe dada yake alikuwa na kitabu kile kile mwaka uliotangulia, na nyumbani walikuwa wanakiimba. Miezi mitano nimekaa na mtoto huyu, nampigia makofi, na hajui hata silabi ya "ku" ikiwa peke yake.

Tukaanza upya, kimya kimya, mimi na yeye na wengine saba niliowagundua kwa njia hiyo hiyo. Kadi za silabi nilizikata kwenye maboksi ya sabuni. Hakuna teknolojia yoyote hapo, isipokuwa mkasi. Na lugha yetu ina huruma: mtoto akishazishika silabi, Kiswahili hakimfichi kitu, kinachoandikwa ndicho kinachosomwa. Wanaokwama wanakwama kwenye milima inayojulikana, "mbw", "nyw", na "ng'ombe" anayegeuka kuwa "n-go-mbe". Baada ya wiki saba nikamrekodi tena. Akasoma: "Ku-ku... wa... bi-bi..." Polepole, anakwama, anarudi nyuma, anapumua. Ungeweka rekodi zote mbili mbele ya mzazi, angesema mtoto wangu amerudi nyuma. Mimi najivunia ile ya pili.

Nimewapa habari za mwembe wangu, lakini jambo hili limepimwa na wakubwa pia. Kisumu, kwa jirani zetu Kenya, watafiti walilinganisha njia tatu, na matokeo yakachapishwa 2016. Kundi la kwanza, vishikwambi walipewa maafisa wanaozungukia shule kuwasaidia walimu. La pili, walimu wenyewe. La tatu, wanafunzi wakapewa vifaa vya kusomea vya kielektroniki. Makundi yote yalikuwa na vitabu vizuri na miongozo ya walimu. Watoto wa makundi yote wakasonga mbele, na tofauti baina ya kundi na kundi ikawa ndogo. Gharama ndiyo haikufanana hata kidogo. Kumpa kila mtoto kifaa ni pesa nyingi. Kumpa afisa mmoja anayehudumia shule kadhaa ni pesa kidogo.

Wakenya wakalitumia somo hilo. Mpango wao wa kufundisha kusoma, Tusome, ulipoanza nchi nzima mwaka 2015, vishikwambi vya mpango viliwekwa mikononi mwa maafisa hao, zaidi ya 1,000. Na walivifanyia nini? Afisa alikuwa anakaa nyuma ya darasa, anajaza anachokiona, halafu anachagua watoto watatu bila kupangiwa na mwalimu, anawasomesha mmoja mmoja na kuwasikiliza, anaingiza alama papo hapo. Tena kifaa kilikuwa kinaonyesha mahali alipo, na nauli yake inafuata hapo: hukufika shuleni, hulipwi. (Naona Afisa Elimu Kata wangu ananitazama. Sina maana hiyo, mzee. Wewe unafika.)

Mnaona lakini? Kifaa cha kusikilizia. Watoto watatu, dakika chache.

Na hapa kwetu Tanga tuna hadithi yetu, ambayo nashangaa walimu wengi hawaijui wakati imeandikwa dunia nzima. Mwishoni mwa 2017 yalianza majaribio ya shindano la Global Learning XPRIZE, la kutafuta programu ya kumwezesha mtoto kujifunza kusoma bila mwalimu, kwenye vijiji karibu 170 vya mkoa huu. Zawadi dola milioni 15, fedha za Elon Musk. Serikali yetu ilihusika, na UNESCO, na Mpango wa Chakula Duniani. Watoto wapatao 2,700 wakapewa vishikwambi, vijijini kukawekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua, na programu tano tofauti za Kiswahili zikashindanishwa kwa miezi 15. Wengi wa watoto hao walikuwa hawajawahi kuingia darasani. Kabla ya kuanza, zaidi ya tisa kati ya kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10.

Takwimu hizo husomwa kwa namna mbili. Kuna anayesema: tazama, watoto wamesoma bila mwalimu, tufunge vyuo vya ualimu. Na kuna anayesema: nusu ya wale bado hawakuweza neno moja baada ya mwaka na robo, hiki kifaa cha kazi gani? Mimi nawaambia wote wawili wakae. Mtoto aliyekuwa hana darasa kabisa akapata kitu, hilo ni jambo kubwa, tusilibeze. Lakini mtoto wako wewe ana darasa. Ana wewe. Kilichonivutia mimi ni programu moja kati ya zile tano, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, iliyojengwa ili imsikilize mtoto akisoma kwa sauti. Haikushinda. Lakini waliokuwa wamekaa miaka mingi wakitafuta namna ya kufundisha kusoma kwa mashine walifika pale pale: mashine nayo ipewe sikio.

Upande wa pili mnaujua. Peru waligawa kompyuta ndogo kwa watoto kwa mamia ya maelfu, na tathmini ya 2012 haikuona tofauti yoyote kwenye hisabati wala lugha. Wala tusiende Peru. Niliwahi kufundisha shule moja, sitaitaja, ambayo wafadhili walileta vishikwambi 20. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na pilau, picha zikapigwa. Funguo ya kabati akabaki nayo mwalimu mkuu, kwa sababu kimoja kikipotea ni yeye anayeandika barua. Hofu yake ninaielewa. Vilitolewa wageni walipokuja, vikafutwa vumbi, vikarudishwa, nailoni bado iko kwenye kioo. Mwaka wa tatu tulipolifungua kabati, betri zilikuwa zimevimba hadi vioo vimebanduka.

Sasa ninyi mna vishikwambi. Msinitazame hivyo. Vile vya sensa ya 2022, karibu laki tatu nchi nzima, viligawiwa kwa walimu sensa ilipokwisha. Wengine mnavyo mikobani hapa. Wengine viko nyumbani vinaangalia tamthilia, na mimi si polisi. Nasema tu kifaa kilichohesabia Watanzania kinaweza kuhesabu maneno aliyosoma mtoto kwa dakika moja.

Mama yangu hakupita shule, lakini alikuwa anajua kwa nini maji huchemshwa, na alijifunza kwenye redio. Kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, watu karibu milioni 2 nchi nzima. Redio ni mdomo mtupu, haisikii kitu, utaniambia basi umejipinga mwenyewe. Hapana. Redio ile haikuachwa peke yake. Kulikuwa na vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, na kijitabu. Redio ikinyamaza kiongozi anauliza: mmesikia nini? Tutafanya nini? Na watu wanachukua majembe, wanakwenda kuchimba choo. Mama alikuwa anasema kipindi chenyewe kilikuwa kifupi, maneno baada ya kipindi ndiyo yalikuwa marefu.

Kuhusu vya kusomea nitapita haraka, maana mengi mnayajua. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu ina vitabu vya kiada, bure. African Storybook, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi fupi za watoto kwa lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, na unaruhusiwa kupakua, kuchapa, hata kutafsiri ukitaka. Pakueni siku moja mkiwa mjini kwenye bando la usiku, wekeni kwenye memori kadi, mpeane. Na ukiwa na runinga au projekta, usiwawekee video yenye sauti tupu. Tafuta yenye maneno chini. India wamefanya hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, nyimbo za filamu zinaandikwa chini kwa lugha ile ile inayoimbwa, na neno linabadilika rangi linapoimbwa. Mtu anaimba wimbo anaoupenda, na macho yanasoma bila kuambiwa someni.

Na kuna yule mtoto anayeshika kitabu kikagusa pua. Kwenye kishikwambi unavuta herufi kwa vidole viwili inakuwa kubwa kama kisahani. Nilimfanyia mmoja hivyo, akasoma. Nikajua haraka kwamba tatizo si akili wala uvivu, nikamwandikia mzazi barua ya kwenda kwa daktari wa macho. Hiyo ilinichukua nusu dakika, na mtoto yule alikuwa amekaa mwaka mzima akiitwa mjinga.

Jambo moja sitalipita haraka. Kuna mwenzetu, sehemu fulani, alimrekodi mtoto akikwama kwenye neno, akarusha kwenye kundi la WhatsApp la walimu, na vikaragosi vya kucheka. Kutoka hapo ikafika kwenye simu ya mjomba wa mtoto. Yule mtoto hakurudi shuleni wiki mbili, na aliporudi hakufungua mdomo. Mnajua kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria, ni sauti ya mtoto wa mtu. Mimi naomba ruhusa kwenye kikao cha wazazi mwanzo wa muhula, nawawekea mfano wa sauti ya mwanangu mwenyewe ili waone ni kitu gani. Nikishasikiliza na kuandika, nafuta. Nabakiza mbili tu kwa kila mtoto, ya mwanzo na ya karibuni, na mzazi akija anasikilizishwa ya wake peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Baba mmoja, mvuvi, alisikiliza rekodi ya binti yake mara tatu. Hakusema kitu. Akaniuliza kama naweza kuirudisha tena.

Niliomba ruhusa kwa wazazi wa Mwanaidi niwawekee rekodi zake mbili leo, wakakataa, na haki ni yao. Kwa hiyo tutafanya wenyewe. Ukurasa uko hapa, nimeutoa nakala, hauna picha. Tofali lile pale mlangoni ni langu, nimekuja nalo. Mwalimu wa shati la bluu kule nyuma, ndiyo wewe, simu yako ina chaji? Njoo mbele. Weka kwenye hali ya ndege kwanza.